Miguu Yangu Juu ya Mgongo wa Maman

Kila Jumamosi saa tisa za mchana, wanawake wanaobeba mizigo sokoni wanapoingia kwenye ukumbi wa parokia yetu na kutandika mikeka yao, harufu ya pomadi ya mentoli inaingia nao. Ni ile ya kopo dogo, ambayo mtu mmoja akijipaka shingoni nyumba nzima inapiga chafya. Wanajilaza chali, wanachekacheka kwa aibu, wananiuliza kama kweli wameacha kazi zao kuja kufundishwa kulala, nami nawaambia ndiyo, kulala nako kuna shule yake. Kisha wanatulia. Hapo pomadi inanipanda puani, na mimi, mwenye diploma ya kiné ukutani, mtu anayelipwa kutibu miili kwa mikono na mazoezi, nageuka mtoto wa miaka minane aliyesimama juu ya mgongo wa mama yake huko Cimpunda, mtaa wa mlimani Bukavu, mikono imeng'ang'ania boriti ya nyumba ya mbao.

Nieleze vizuri, maana huenda wengine wenu hamkuwahi kumkanyaga mtu utotoni. Kwetu, mtoto mwepesi kuliko wote nyumbani ndiye aliyekuwa dawa ya mgongo. Haikuwa mchezo. Ilikuwa kazi, kama kuchota maji. Maman, ambaye mtaa mzima ulimwita Maman Nabintu kwa jina la dada yangu mkubwa, alibeba magunia ya unga wa muhogo kutoka kwenye malori mpaka ndani ya soko la Kadutu. Alibeba kwa mugozi, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni, kwa hiyo mchana kutwa shingo ilivuta na kiuno kikasukuma. Jioni, akishakula bugali yake, alitandika mkeka, akalala kifudifudi, akaniita. Nabintu alimpaka pomadi, mimi nikanawa miguu, nikapanda.

Jamani, ile kazi niliipenda. Nilianza kiunoni, nikapanda polepole hadi kwenye mabega, nikageuka kwa hatua ndogondogo kama mtu aliye juu ya ukuta, nikashuka tena. Maman aliniongoza kwa maneno machache yaliyobanwa na mkeka: shuka, apana, uku, apo. Nikipapata penyewe alitoa pumzi ndefu na mwili wake wote ukazama chini yangu. Nilikuwa najua mgongo ule kuliko nilivyojua njia ya shule. Mabegani palikuwa laini, katikati kulikuwa na matuta mawili yaliyokimbia sambamba, na upande wa kulia, juu kidogo ya kiuno, palikuwa na mahali pagumu kama kipande cha muhogo mkavu.

Hofu yangu moja ilikuwa kunenepa. Nabintu alishaniambia kwamba nikiwa mzito kazi ile itaenda kwa mtoto mwingine. Papa alikuwa Kamituga akichimba dhahabu na kurudi mara mojamoja, kwa hiyo mtoto mwingine hakuonekana njiani, lakini mimi sikutaka kubahatisha. Nilikuwa nabakiza bugali kwenye sahani. Nabintu alimaliza yangu na kunisifu kwa busara yangu.

Na nilikuwa na maswali, Mungu wangu. Kwa nini mgongo unalia ko, ko, halafu unanyamaza? Uchovu ukikanyagwa unaenda wapi, unatokea miguuni au mdomoni? Ile sehemu ngumu ilizaliwa naye au iliingia baadaye? Maman alisema ninauliza kama polisi wa barabarani, nikanyage. Nilikanyaga, lakini maswali yalibaki.

Mwaka huohuo nikaingia kwenye joyeuses. Ndivyo tunavyowaita wasichana wadogo wanaocheza mbele ya altare wakati wa Misa, na niseme ukweli, sikuingia kwa ajili ya Mungu, niliingia kwa ajili ya gauni jeupe. Aliyetufundisha alikuwa Maman Odette, mwanamke mrefu, mkavu, asiye na haraka hata mvua ikinyesha. Kwa miaka mingi alikuwa amefagia chumba cha kiné mmoja mzee, na kwa kufagia taratibu alisikia mafundisho yote, mpaka yule mzee akaanza kumwachia wagonjwa. Mzee alipoacha kazi, Maman Odette aliingiza ujuzi ule wote kwenye ngoma ya kanisa, na hakumwomba padri ruhusa.

Tulikwenda kujifunza hatua, yeye akatulaza chini kwenye sementi. Alituuliza ni sehemu gani ya mwili inagusa chini na ni ipi haigusi. Kisigino cha kulia na cha kushoto, kipi kizito? Pumzi inaishia wapi, kifuani au tumboni? Tulicheka mpaka tukashikwa na kwikwi. Wazazi wengine walilalamika kwamba watoto wao wanarudi na vumbi mgongoni na hawajui hatua hata moja. Maman Odette aliendelea kutulaza. Alituambia sentensi moja tu, aliyoirudia kila Jumamosi:

"Musirekebishe kitu. Muulize tu, halafu mungojee."

Wenzangu walingojea Misa. Mimi nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuuliza, na nani mwingine duniani alikuwa amewahi kunipa ruhusa hiyo? Nikaanza kuuliza kila kitu. Nikiwa kwenye foleni ya maji niliuliza goti langu. Darasani niliuliza mabega yangu kwa nini yamepanda masikioni, na kumbe mwalimu wa hesabu alikuwa ameingia. Nilimfuata Maman nyuma kwenye mteremko wa Cimpunda nikiiga mwendo wake ili nijue unavyosikika kwa ndani, shingo mbele, kiuno kimekaza, mikono nyuma. Aligeuka akaniona, akanizaba kofi akidhani namdhihaki. Lakini nilikuwa nimeshagundua kitu: siku ile hakuwa na mzigo. Tulikuwa tunaenda kwenye Misa, amevaa pagne mpya ya kitenge, mikononi ana kitabu cha nyimbo tu, na bado alitembea vilevile.

Basi nikajiona mtaalamu. Juu ya mgongo wake sasa sikukanyaga tu, nilichunguza. Nilifumba macho na kuuliza vidole vyangu vya miguu, wale watu wangu kumi, wamekuta nini huko chini. Na jibu lilikuwa lilelile kila jioni: tatizo liko upande wa kulia, juu ya kiuno, na likivunjwa mambo yatakuwa sawa. Mnaona kosa langu. Nusu ya sentensi ya Maman Odette niliishika vizuri kabisa, ile ya kuuliza. Ile ya kutorekebisha niliona inawahusu wasiojua.

Ikaja siku moja ya mvua. Maman alirudi mapema, jua likingali juu nyuma ya mawingu, pagne yake imejaa tope mpaka kiunoni. Sikushangaa, mvua ya Bukavu inampaka kila mtu tope. Aliingia akishikilia ukuta, akaupita mwiko na sufuria bila kuuliza tumepika nini, akatandika mkeka mwenyewe. Nabintu alikuwa bado shuleni, alikuwa anajiandaa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Pomadi haikupakwa. Maman aliniambia nipande.

Siku hiyo hakuniongoza. Nilikanyaga kiunoni, nikauliza kama ni hapo, akasema niendelee. Nikapanda mabegani, nikashuka, nikauliza tena, akasema niendelee tu. Sauti yake ilikuwa ndogo, imegeukia ukutani. Mimi, kwa kiburi changu cha miaka minane, nikafikiri ameniamini hatimaye, ameniachia mgongo niutawale. Nikatafuta ile sehemu ngumu. Nikaweka kisigino. Nikashika boriti, nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa, kisha nikaachia uzito wangu wote hapo.

Maman alilia. Sijui niseme kwa neno gani. Nilikuwa nimemsikia akiguna, akifoka, akiimba, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia kwake wala kwa mtu mwingine. Mkono wake ulirudi nyuma ukanishika kifundo cha mguu kwa nguvu, na machozi yalikuwa yanalowesha mkeka. Nilijua ninachostahili. Nikachopoa mguu, nikaruka chini, nikakimbia mpaka nyuma ya choo cha jirani, nikakaa huko mvuani.

Asubuhi Maman hakuamka. Alijaribu kugeuka, uso ukabadilika rangi, akabaki alivyo. Alisema ni uchovu. Majirani walikuja kila mmoja na ugonjwa wake mkononi: figo, baridi, mtu mwenye wivu sokoni. Hakuna aliyetaja kisigino. Mimi nilisimama mlangoni nikimwangalia kila anayefungua mdomo, nikingoja jina langu.

Siku ya pili Nabintu aliuondoa mugozi ukutani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliukunja, akauweka begani juu ya sare ya shule, kisha akaona upuuzi wake mwenyewe, akaenda kuvua sare. Alirudi jioni na mstari mwekundu kwenye paji la uso, na hakumaliza bugali yangu. Hata mtoto alielewa hesabu ile: mgongo wa Maman usipoamka kabla ya mtihani, Nabintu hatarudi darasani, atakuwa mbeba mizigo maisha yake yote, na aliyeuvunja mgongo ni mimi.

Jumamosi nilienda kwenye ngoma kwa sababu sikujua pa kwenda. Maman Odette alitulaza chini. Aliuliza kisigino cha kulia kina uzito gani, nami nikaanza kulia kwa sauti mpaka wenzangu wakainuka kunitazama. Aliwatoa wote nje, akakaa kwenye sementi pamoja nami, miguu yake mirefu imenyooka mbele. Nilimwambia kila kitu. Sikumficha hata ile sehemu ya kiburi.

Hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alisema miguu yangu haina nguvu hiyo, mwanamke anayebeba gunia havunjwi na joyeuse. Sikumwamini hata kidogo. Aliyasema kama mtu mzima anayemtuliza mtoto, na mimi nilikuwa na ushahidi.

Alikuja nyumbani siku hiyohiyo. Alimwamkia Maman, akakaa, akaongea habari za mvua kwanza, kisha akaomba kuona miguu. Alibonyeza vidole kimoja kimoja, akapitisha jino la kitana kwenye nyayo, akamwambia Maman afumbe macho na aseme anapoguswa. Kisha akamuuliza kama ameanguka.

"Nianguke wapi?" Maman akajibu. "Njo mwili tu imechoka."

Maman Odette aliifunika ile miguu kwa pagne. Alisema kama miguu hiyo haitakuwa na nguvu zaidi ifikapo Jumatatu, yeye mwenyewe atatafuta watu wa kumbeba mpaka hospitali, na hataomba ruhusa. Kisha akamwambia akunje magoti, akanyage mkeka, aachie kichwa chini.

Maman alisema kichwa kiko chini. Maman Odette akapitisha mkono kati ya kichwa na mto, ukapita bila kugusa nywele. Nilisogea kuangalia, siwezi kuacha kuangalia, hata nikiwa na huzuni. Kweli kichwa cha Maman kilikuwa kimesimama hewani, upana wa vidole viwili, na mwenyewe hajui. Shingo ilikuwa bado inavuta gunia.

"Muzigo umeshatua, Maman Nabintu," Maman Odette alisema polepole. "Shingo njo haiyaambiwa."

Maman alimcheka. Alisema amekuwa mgonjwa, hajawa mwendawazimu, na mwanamke wa kwao halali mchana kupiga hadithi na shingo yake. Lakini alikuwa amelala na hawezi kuondoka, kwa hiyo hadithi ilipigwa. Maman Odette alikuja kila siku baada ya kazi. Jumatatu ilipofika nyayo zilijibu vizuri zaidi, na hospitali ikasubiri. Hakumkanda, hakumvuta. Alimwomba ainue kiuno kadiri ya unene wa jani, akishushe, asikilize. Apumue akiwa ameweka mkono tumboni. Ageuze magoti kulia, asipofika asifike. Mambo madogo kiasi kwamba jirani aliyechungulia aliuliza matibabu yataanza lini.

Nikafanywa msaidizi, kazi yangu kuweka mkono chini ya kichwa na kusema ukweli. Siku nyingi nilisema bado. Ikaja asubuhi moja, Nabintu ameshatoka kwenda Kadutu, kichwa cha Maman kikanishukia kiganjani. Kilikuwa kizito ajabu. Sikujua kichwa cha mama kina uzito huo, na yeye alinitazama kwa mshangao kama mtu aliyeingia nyumbani kwake kwa mlango mwingine. Kisha akalala usingizi palepale, mkono wangu ukiwa umebanwa, na sikuthubutu kuutoa mpaka ukafa ganzi.

Alisimama wiki ya tatu. Alitembea kwa kushika ukuta, kisha bila ukuta. Hakubeba tena magunia. Alianza kuuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, kwenye meza ndogo, amekaa, na akajifunza kushusha mabega mteja anapomchelewesha. Nabintu alirudi darasani akiwa amepoteza karibu mwezi mzima, akafanya mtihani, akapita kwa tundu la sindano. Ule mstari kwenye paji la uso ulifutika kabla ya matokeo kutoka.

Kila mtu alifurahi, nami nilifurahi, lakini sikupanda tena mgongo wa mtu. Maman hakuniita na mimi sikuuliza kwa nini. Nilidhani nimesamehewa kimyakimya na kwamba heshima ni kunyamaza. Mnajua watoto wanavyoweza kuficha kitu hadharani. Watu wakiniuliza leo kwa nini nilisomea kukanda na kunyoosha miili, nawajibu kwamba napenda watu. Ni uongo wa adabu. Nilikuwa nimevunja mgongo mmoja, nikaamua kutengeneza mingi, labda hesabu italingana.

Sasa Maman anaishi nami Muhumba. Amezeeka vizuri, anatawala jiko langu. Mwaka jana alilalamika kiuno, akakubali hatimaye nimguse kwa mikono ya kazi. Nilimlaza kwa ubavu, nikapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, nikateremka pingili moja baada ya nyingine, nikafika juu ya kiuno. Kidole kikaingia. Pingili moja ilikuwa imekaa ndani kuliko jirani zake, jeraha la zamani sana, lililojiponea lenyewe. Kisigino cha mtoto hakifanyi kitu kama kile. Nilikuwa najua hivyo kitaaluma kwa miaka mingi, na bado nikajikuta naomba msamaha, mimi mwanamke mzima, nimepiga magoti kando ya kitanda.

Maman aligeuka akanitazama. Hakuelewa ninachoomba. Ilibidi nimsimulie siku ile yote, mvua, boriti, kisigino, na alivyolia. Aliketi polepole, akavuta pagne mabegani.

Kisha akaniambia. Siku ile alikuwa ameteleza kwenye ngazi za soko akiwa na gunia mgongoni, gunia likamwangukia. Alipotaka kuinuka, miguu haikuwepo. Alikaa kwenye tope watu wakimruka, mpaka ikarudi nguvu kidogo ya kujikokota, lakini aliikanyaga barabara yote ya Cimpunda bila kuisikia. Hakumwambia mtu, kwa sababu mbeba mizigo akijulikana ameanguka hapewi tena gunia. Nabintu angemhoji mpaka aseme. Mimi nilikuwa nauliza miguu yangu tu.

"Nilikuita juu nijue kama ningali nasikia," alisema. "Ukatembea, ukatembea. Sikusikia kitu. Nikajiambia, imekwisha, batoto yangu batakula nini? Halafu ukaweka kisigino, na nikasikia. Nikasikia uchungu mpaka ku vidole ya miguu."

Leo mtu akiniletea mama aliyeanguka hivyo na kuniambia akanyagwe, nitauziba mlango kwa mikono miwili. Namwambia Maman hivyo, anakubali. Lakini siku ile kulikuwa na yeye, ukuta, na mimi juu.

Nimewafundisha watu wengi kusikiliza miili yao. Kilio cha kwanza kabisa nilichokipokea kwa nyayo zangu mwenyewe nilikitafsiri siku hiyohiyo, sikungojea, na nikaishi na tafsiri yangu hadi mvi zikaanza. Furaha ya mama yangu niliibeba kama kosa. Nilimuuliza basi kwa nini alinishika mguu kwa nguvu vile, kama si kwa hasira.

Maman alinishangaa.

"Nilikushika juu usishuke," akasema. "Nilitaka usimame pale kidogo tena."